Mlevi Mwenye Uso wa Zambarau

Paskalia Kokugonza hajawahi kumwibia mtu hata sindano, lakini kwa wiki sita za majira ya baridi ya mwaka 1985 aliishi kama mwizi, na aliyemfikisha hapo ni mimi. Nalisema hili mapema ili msije mkanisifu bure huko mbele. Ushauri niliompa niliutoa haraka na kwa sauti ya juu, kama ninavyotoa ushauri wangu wote.

Naitwa Clementina. Wakati ule nilikuwa nikifua mashuka ya hospitali, nikikaa na Paskalia Hallonbergen, pembeni ya jiji la Stockholm, ghorofa ya tano, vyumba viwili na jiko. Sote ni watu wa Bukoba, ila mimi nimemzidi miaka minane na maneno elfu kumi. Paskalia ni mtu wa kimya. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye.

Kujalidi vitabu alijifunza nyumbani, katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha kanisa, chini ya mmisionari mmoja mzee wa Kiswidi aliyemgonga vidole kwa rula kila kona ya jalada ilipokaa upande. Mzee huyo huyo ndiye aliyemtafutia nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja Stockholm. Alifika Agosti 1978. Mwaka haujafika nusu, vita vya Kagera vikazuka, kiwanda kikafungwa, naye akaandikiwa barua kwamba asubiri kidogo. Kidogo hicho kikawa miaka sita. Mafunzo yakaisha, pesa za kanisa zikaisha, akaishia kusugua mabafu katika hoteli moja kule Märsta, karibu na uwanja wa ndege. Mikono yake ya siku zile naikumbuka. Ilipasuka kama visigino.

Halafu, Agosti 1984, akaona tangazo dogo gazetini: hifadhi ya muziki, Södermalm, Stockholm mjini, inatafuta mtu wa kukarabati karatasi za zamani. Barua ya maombi aliiandika mara nne, na mara zote nne niliisoma mimi na kumwambia inatosha. Walimchukua kwa majaribio ya miezi sita, tangu Jumatatu ya kwanza ya Septemba hadi Ijumaa ya kwanza ya Machi. Akionekana anafaa, anapewa kazi ya kudumu. Asipofaa, anarudi Märsta kwenye ndoo na brashi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza alipiga pasi blauzi moja mpaka nikamwambia ataitoboa.

Hifadhi yenyewe ilikuwa chini ya jengo ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha bia, na watu wake walikuwa wawili tu. Mkuu aliitwa Gunvor, mama wa miaka sitini hivi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, mikono imeanza kutetemeka. Wa pili ni Torsten, mwanamume mrefu, mwembamba, aliyeandika orodha ya kila kilichomo. Gunvor alitaka aitwe Gunvor basi, kama Waswidi wote wanavyotaka, lakini Paskalia ulimi ulikuwa hauendi. Kazini alijitahidi akamwita hivyo. Nyumbani alikuwa Mama Gunvor.

Na unajua walichokuwa wakikihifadhi? Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani nataniwa. Ni vijitabu vya nota vya nyimbo za kuchekesha, zile zilizoimbwa mahotelini na kwenye kumbi za vichekesho miaka ya 1890 na kuendelea, ambazo Waswidi huziita kuplett. Kila kijitabu kina kurasa nne, na jalada lake lina picha ya rangi. Mama mkwe amebanwa na mlango wa tramu. Askari polisi ametumbukia kichwa chini katika pipa la samaki wa chumvi. Kuruta suruali imempasukia mbele ya jenerali, na jenerali mwenyewe kafumba macho. Maelfu ya vijitabu hivyo, vimechanika, vimeliwa na panya, vina alama za vikombe vya kahawa, na vizuri zaidi vilitakiwa viwe tayari kwa maonyesho ya mwezi wa tano.

Paskalia alirudi nyumbani kila jioni na picha moja ya kunisimulia. Alikuwa akishangaa kwelikweli. Watu ambao tulikuwa tukipanda nao lifti miaka yote bila hata kukohoa, kumbe babu zao walikaa mezani wakapiga meza kwa kucheka! Nilimpenda sana miezi ile. Alikuwa amenenepa mashavu, na vidole vimerudi kuwa vya mtu.

Kazi yenyewe ilimkaa. Kwanza anachukua pamba kidogo, anailowesha, anaigusisha kwenye kila rangi ya picha kuona kama inatoka. Rangi ikitulia, karatasi inalazwa juu ya wavu na kushushwa kwenye karai pana la maji ya vuguvugu, uchafu wa miaka themanini unatoka taratibu kama chai. Kisha inakaushwa katikati ya karatasi za kufyonza, na palipochanika panazibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya unga wa ngano. Gundi hiyo aliipika yeye, akaikoroga mfululizo, akaichuja kwa kitambaa. Alisema ni uji tu, na Mama Gunvor alimsifu kwamba haujawahi kupikwa uji mzuri hivyo Södermalm.

Palikuwa na desturi moja. Aliyekarabati karatasi huigeuza, na nyuma, kwenye kona ya chini, huandika jina lake na mwaka kwa penseli ya kawaida, herufi ndogo kama chawa. Miaka hamsini baadaye, gundi ikiachia, mtu ajue amlaumu nani. Ila wa majaribio haandiki. Gunvor alimweleza vizuri siku ya kwanza: ukiwa katika majaribio, lawama ni yangu, kwa hiyo jina ni langu. Karatasi zaidi ya mia mbili zikapita mikononi mwa Paskalia, na zote nyuma zikaandikwa G. H. Mimi nililiona kama dhuluma nikalisema. Paskalia alisema ni haki kabisa, lakini nilijua inamuuma.

Basi, tarehe kumi Januari, Alhamisi, alikuwa katika sanduku la kumi na tatu, karatasi ya ishirini na mbili. Picha ni mlevi anafukuza kofia yake juu ya daraja lenye theluji. Kuna mwenye kijitabu wa zamani, mtundu, alikuwa amemchorea mlevi miwani na masharubu kwa penseli. Paskalia alijaribu nyekundu ya pua, bluu ya koti, njano ya taa, zote zikatulia. Penseli hakuijaribu. Penseli haina neno na maji, hilo kila mtu wa karatasi analijua. Akamlaza mlevi kwenye karai, akageuka kuchukua karatasi za kufyonza.

Alipogeuka tena, mlevi alikuwa na uso wa zambarau. Masharubu yalikuwa yametiririka mpaka kifuani, miwani imevimba kama amepigwa ngumi macho yote mawili, na theluji ya daraja lote ilikuwa imekuwa zambarau.

Haikuwa penseli ya kawaida. Ilikuwa ile penseli ya wino, kavu inaonekana ya kijivu, ikipata maji inageuka zambarau na haitoki tena mpaka kiama. Na hapo ndipo ninapotaka kujitupa ukutani. Baba yangu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na kila msimu aliandika stakabadhi za wakulima kwa penseli hiyo hiyo, akiilamba ncha. Midomo yake ilikuwa ya zambarau toka Juni hadi Oktoba. Sisi watoto wa Bukoba tuliijua penseli hiyo kabla hatujaijua sala ya Baba Yetu. Mtu yeyote wa huku angekosea kwa kutojua. Paskalia alikosea huku anajua, maana hakuwaza kwamba kitu cha makarani wetu wa kahawa kinaweza kumfikia mlevi wa Stockholm. Aliamini ni cha kwetu.

Gunvor alikuwa ametoka kwenda kwa daktari wa meno, Torsten yuko juu. Paskalia aliikausha ile karatasi kadiri alivyoweza, akaiweka katikati ya makadibodi mawili, akaitia mkobani. Alikuja nayo nyumbani. Nia yake, masikini, ilikuwa kunionyesha tu na kuniuliza kesho aseme vipi.

"Useme?" nikamwambia. "Useme nini? Umebakiza wiki saba, unataka kujikata mwenyewe? Karatasi ya mlevi anayefukuza kofia, nani ataililia? Iweke juu ya kabati."

"Dada, ina namba. Kumi na tatu, ishirini na mbili. Torsten anayo kwenye orodha."

"Orodha zina makosa. Iweke juu ya kabati, ule, ulale."

Akaiweka. Asubuhi yake, akiwa ndani ya treni, ndipo akili ilipomjia: mpaka jana lilikuwa kosa la kazi, na sasa ni mali ya hifadhi iliyoko juu ya kabati letu Hallonbergen. Kuirudisha ilikuwa ni kusema, niliiba. Kutoirudisha ilikuwa ni kuendelea kuiba. Jioni aliponieleza hivyo, nilipandisha sauti, maana nilijua ana haki na sikutaka kujua.

Pengine lingepita, kama si sanduku la kumi na nne.

Gunvor alikuwa na utaratibu wa kumletea masanduku moja moja, kwa kufuata namba. Paskalia alipomaliza la kumi na tatu, aliletewa la kumi na tano. Alifikiri ni kupitiwa. Kisha akaliona la kumi na nne limo ofisini kwa Gunvor, juu ya meza, na mlango ambao tangu Septemba haujawahi kufungwa, sasa umefungwa. Ukifunguliwa, Gunvor anatoka na mikono ina gundi, anasema hewa ni baridi leo. Torsten akiwa ndani anazungumza, Paskalia akipita wanakatiza. Na Torsten, ambaye kila Ijumaa baada ya kahawa ya alasiri alikuwa akikaa kwenye piano lao bovu na kupiga nyimbo zilizokarabatiwa wiki ile, aliacha. Alisema anaumwa kidole. Siku moja Paskalia alimkuta amepiga magoti akipekua ndani ya kiti cha piano, kile chenye kifuniko cha kuhifadhia nota, na alipomwona alikifunga upesi.

Kwa Paskalia mambo yalikuwa wazi kama mchana. Wamegundua. Wanakagua kila alichogusa, sanduku moja moja, wakisubiri Ijumaa ya kwanza ya Machi ili wamtoe bila kelele, kwa heshima, kama Waswidi wanavyokutoa.

Kumwuliza Gunvor hakuweza. Amelelewa hivyo, na mimi pia: mkubwa akifunga mlango, hubishi hodi kumwuliza kwa nini ameufunga. Gunvor naye hakusema, maana Mswidi akiwa na jambo gumu hulizungushia kahawa mpaka lipoe lenyewe. Wakawa wanakunywa kahawa mara mbili kwa siku, watu watatu, wanazungumzia theluji.

Paskalia akakonda. Alitia chumvi kwenye chai, alisahau kushuka kituoni. Mimi nikawa naufukuza moyo wangu kwa hasira: nilisema ni ubaguzi, kwamba wanamficha vitu kwa sababu ya rangi yake, kwamba nitakwenda huko niwapasulie ukweli. Aliniacha niseme. Kisha Jumatano moja, amesimama mlangoni na koti lake, hajalivua, akaniambia, "Dada, kesho naipeleka. Kama ni Märsta, ni Märsta. Siwezi kuendelea kulala chini ya kile kitu."

Niliona haya, nikiri. Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya mapumziko. Nikavaa kofia yangu ya kanisani nikaenda naye, maana aliyesema "iweke juu ya kabati" alikuwa mimi na si yeye.

Tulifika saa nne asubuhi, wakati wa kahawa. Gunvor alitukaribisha, akaongeza kikombe. Paskalia hakukaa. Alitoa makadibodi mkobani, akayafungua, akamlaza mlevi wa zambarau mezani katikati ya vikombe.

"Hii niliiharibu tarehe kumi Januari," akasema kwa Kiswidi, na sauti yake ilikuwa imara kuliko nilivyotegemea. "Sikujaribu penseli. Halafu niliogopa, nikaipeleka nyumbani. Imekaa kwangu wiki sita."

"Mimi ndiye niliyemwambia aifiche," nikadakia. "Kama kuna polisi, wanishike mimi kwanza."

Gunvor alivaa miwani, akainama, akautazama ule uso. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na anajaribu asicheke, na kicheko hicho kilimtoa machozi.

"Torsten," akasema, "mlevi wako huyu hapa."

Torsten akashika kichwa. "Nimemtafuta kwenye kiti cha piano mara tatu! Nilijua nimempoteza mimi. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Nikawatazama mmoja mmoja. Watu wazima, wote wamejificha.

Gunvor alijipangusa macho, akawa na uso wa kazi. Akamwambia Paskalia kwamba kuiharibu karatasi kwa penseli ya wino si kosa la kumtia mtu aibu, hilo limewapata wote wanaofanya kazi hii, na yeye mwenyewe aliwahi kuigeuza bahari nzima ya picha moja kuwa zambarau mwaka 1951. Kuipeleka nyumbani ndilo kosa, na lisirudiwe tena maishani. Wimbo ule waliuuza kama maandazi enzi zake, na hifadhi ina nakala nyingine mbili, moja safi kabisa. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Kabla Paskalia hajafungua mdomo, nikajibu mimi.

"Na wewe kwa nini umefunga mlango?"

Hapo ndipo kicheko kilipokauka. Gunvor akamtazama Torsten, Torsten akatazama viatu vyake. Piga ua, nilisema moyoni, leo sitoki hapa bila jibu. Mwishowe Gunvor akainuka, akaingia ofisini kwake, akarudi na sanduku la kumi na nne amelikumbatia kama mtu anayetoa takataka ambazo si zake.

Alifungua kifuniko. Walikuwa watu weusi, au tuseme walikuwa kile ambacho mchoraji alidhani ni watu weusi. Midomo kama soseji, macho kama mayai. Mmoja amevaa kola na tai bila shati. Mwingine anapika mzungu kwenye chungu huku mzungu anapiga gitaa. Jalada baada ya jalada, sanduku zima, rangi zake zinang'aa, nyimbo za kuchekesha.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Niliwaza kuondoka, kisha nikawaza kuondoka na sanduku lenyewe nikalitupe ziwani.

"Niliona haya kukuletea," Gunvor akamwambia Paskalia. "Nilifikiri nikizikarabati mwenyewe hutalazimika kuziona. Torsten naye aliacha kupiga piano kwa sababu wiki zile nyimbo zilizokuwa zikimalizika ni pamoja na hizi. Huu hapa, baba yangu alikuwa akiuimba kila Krismasi. Nilikuwa nacheka kuliko watoto wote."

Nilikuwa na jibu tayari, na lilikuwa na makali. Lakini Paskalia alikuwa amekaa chini, amefunika uso kwa mikono miwili, na aliposhusha mikono ile alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka.

"Ni hizi tu?" akauliza. "Mlango mmefunga kwa ajili ya hizi?"

"Hizi tu?" nikamgeukia kwa Kiswahili. "Paska, una wazimu? Umeziona?"

"Nimeziona, dada. Hawa nilikuwa nao Märsta miaka mitano, kwenye makopo ya kahawa na paketi za peremende, nawasugulia meza. Siwapendi. Ila hawa hawawezi kunifukuza kazi." Akashusha pumzi ndefu, na nikaona mwili wote umelegea, kama mtu aliyetuliwa gunia la kahawa mgongoni. "Nilidhani mnanihesabu mwizi," akawaambia wale wawili kwa Kiswidi. "Wiki sita nimekufa kila siku."

Gunvor alishika mdomo. Halikuwa limempitia kichwani hata kidogo. Akafungua droo, akatoa bahasha, akamsukumia Paskalia juu ya meza. Ilikuwa barua ya kazi ya kudumu, imetiwa saini tarehe nne Februari. Ilikuwa inangojea Ijumaa ya kwanza ya Machi, kwa sababu majaribio yanaisha siku hiyo, na utaratibu ni utaratibu. Nilitamani nimpige mtu kwa kofia yangu ya kanisani. Badala yake nilicheka mpaka nikashika meza, kwa furaha na kwa ghadhabu pamoja, na kahawa ikamwagika, na Torsten akamwokoa mlevi kwa kumwinua juu asilowe mara ya pili.

Ila Paskalia alikuwa hacheki tena. Alikuwa amelichukua jalada la juu, lile la baba yake Gunvor, amelielekeza dirishani.

"Nani amegandisha hivi?"

Gunvor akakiri ni yeye.

"Gundi ni nzito. Kuna mapovu hapa, na hapa. Karatasi ya Kijapani imekaa mshazari. Mwaka mmoja tu hii itajikunja yote." Sijawahi kumsikia akizungumza hivyo na mkubwa. Rula ya mmisionari ilikuwa ndani ya sauti yake. "Nipe hili sanduku."

"Hulazimiki," Gunvor akasema. "Nakuambia kweli, Paskalia. Zinaweza kukaa hivi hivi. Hata maonyesho hatuziweki."

"Zikikaa hivi zitaoza. Na zikishaoza, wajukuu zenu watasema hazikuwepo." Akalifunga sanduku akaliweka upande wake wa meza. "Nitaanza na ya baba yako."

Mimi nilikasirika naye njia nzima ya kurudi nyumbani, na ndani ya nyumba pia. Nilimwambia angewaachia uchafu wao waufue wenyewe. Alinijibu akimenya ndizi. "Mashuka ya hospitali unayofua, ni wewe uliyeyachafua?" Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya.

Siku nane zilizofuata aliiondoa gundi ya Gunvor kwa mvuke, akaipika yake, akaanza upya. Ijumaa ya kwanza ya Machi alinialika kwenye kahawa ya alasiri. Nikaenda na maandazi sinia zima, na ndani ya mkoba nilikuwa na kibati ambacho nimetembea nacho toka nyumbani. Humo nilihifadhi penseli ya mwisho ya baba yangu, kipande chenye urefu wa kidole kimoja, bado kina alama za meno yake.

Karatasi ilikuwa mezani, imekauka, imenyooka, hujui ilipochanika hata upewe miwani. Ile sura ilinitazama kwa macho yake ya mayai na nikaichukia vile vile. Gunvor akaigeuza kwa mikono miwili. Nyuma palikuwa na tangazo la nyimbo nyingine na bei zake, na kona ya chini ilikuwa tupu. Akampa Paskalia penseli.

"Ngoja," nikasema, nikafungua kibati. "Andika kwa hii. Isifutike. Waje waisugue mpaka wachoke, jina lako lipo pale pale."

Aliipokea penseli ya baba, akaigeuza vidoleni, akatabasamu. Nilijua ameshawishika. Hata Gunvor alijua, maana alizuia pumzi. Kisha akanirudishia, akanifunga vidole juu yake.

"Hapana, dada. Kuna siku mtu ataiosha tena. Sitaki yamkute yaliyonikuta."

Akachukua penseli ya kawaida. Gunvor huandika herufi mbili na nukta. Paskalia aliandika lote, Paskalia Kokugonza, Bukoba, 1985, herufi ndogo lakini kila moja imesimama. Torsten, ambaye kidole kilikuwa kimepona, alikaa kwenye piano, mbele yake amemsimamisha mlevi wa zambarau, akaanza kumfukuzia kofia. Gunvor akala andazi la tatu. Nikagundua nalia, nikajifanya ni mvuke wa kahawa.

Paskalia aliipuliza kona ile kidogo, akaisubiri. Kisha akaiweka sandukuni, picha chini, jina juu.